Sita Mara Tisa, Mvua Ikinyesha

Wiki iliyopita mama yangu alitwanga mpunga uani kwangu, hapa Kasongo, na mimi nikamwaga chai.

Alikuwa amekuja kututembelea kutoka Kabambare, akakuta gunia la mpunga limeegemea ukuta, na yeye si mtu wa kuuacha mpunga ukae na maganda yake huku mikono ipo. Mashine ya kukoboa iko barabara ya pili tu kutoka kwangu, lakini ukimtajia mashine atakuuliza kama hiyo mashine yako inajua kupepeta. Basi akajifunga kitenge kiunoni, akashika mchi, akaanza. Tu, tu, tu. Mimi nilikuwa ndani, kikombe mkononi. Sauti ilinifikia kwa miguu kwanza, kupitia sakafu, ikapanda mpaka magotini, na kabla sijajua ninafanya nini midomo yangu ilikuwa inasema saba mara saba arobaini na tisa, na chai ilikuwa imekwisha kuenea juu ya meza, mbele ya binti yangu Riziki. Yeye yuko nyumbani siku hizi kwa sababu walimu wamegoma, na anasoma kwa uvivu ambao sijui ameurithi kwa nani.

“Mama, umeshtuka nini?” akaniuliza.

Nilikwenda kuchukua kitambaa. Ningemjibu nini? Kwa watu wenye akili zao, sauti ya kinu ni sauti ya shibe. Mtoto akiisikia anajua leo kuna wali. Mimi pia niliijua hivyo mpaka nilipofika darasa la sita. Tangu mwaka ule, kinu kikilia, tumbo langu husikia njaa kidogo na woga mwingi, na hesabu hunitoka mdomoni zenyewe. Ninyi nitawaeleza, kwa sababu hamnijui sana na hamtanicheka mbele yangu.

Nyumba yetu ilikuwa pembeni kabisa mwa Kabambare, upande unaotokea barabara ya Salamabila. Nyuma ya jiko palikuwa na migomba, nyuma ya migomba njia nyembamba ya kwenda mtoni, na ng’ambo ya mto vilima. Baba alikuwa amekwenda Salamabila kuchimba dhahabu, kama baba wengi wa kwetu, na siku aliyopanda pikipiki aliniwekea maneno yake wazi. Nikishinda mtihani wa taifa wa kumaliza darasa la sita, nitakwenda Kasongo kwa dada yake, shangazi Sakina, niingie sekondari. Nikikosa, nitamfuata kule machimboni nikasaidie kuwapikia wachimbaji. Hakuyasema kwa ukali. Aliyasema kama mtu anayekuambia kesho ni siku ya soko.

Lakini mimi nilimjua msichana mmoja wa mtaa wetu aliyekwenda kupika kule. Aliporudi hakuongea na mtu, na mama yake akimwita jina kwa nyuma alikuwa anaruka. Wakubwa waliinamisha macho akipita. Sisi watoto hatukuambiwa kitu, tukajua kila kitu isipokuwa chenyewe. Nikawa naogopa Salamabila kuliko ninavyoogopa nyoka, na nyoka naogopa mpaka leo.

Ndipo risasi zikaanza kusikika ng’ambo ya mto. Mwanzoni mbali, mlio mkavu kama wa kuni inayovunjwa gotini. Halafu karibu kidogo. Pikipiki za Salamabila zikaacha kuja, na habari za baba zikakatika nazo. Shule ikafungwa bila mtu kutangaza kwamba imefungwa: asubuhi moja tulifika tukakuta madawati, na walimu hatukuwakuta.

Mwalimu wangu, Mwalimu Sefu, alipita kwetu akiwa anakimbia na baiskeli yake, godoro limefungwa nyuma. Wengine walipita tu. Yeye alisimama. Akaingia jikoni, akaokota mkaa mafigani, na kwenye ukuta wa udongo akaniandikia jedwali la kuzidisha, safu baada ya safu, kuanzia mbili mpaka tisa, mpaka vidole vikawa vyeusi.

“Mama Mwamini,” akamwambia mama, “redio inasema egzame ya taifa iko palepale. Mutoto huyu anaweza. Asiache hata siku moja, unasikia? Hata siku moja.”

Mama alisema amesikia. Mwalimu akaondoka na godoro lake, na mimi nikabaki na ukuta.

Sasa, ule ukuta ulikuwa na mgeni wake. Tulikuwa na mbuzi jike, mnene, mwenye maringo, ambaye mdogo wangu Amisi alimwita Madamu kwa sababu ya mwendo wake. Madamu alipenda kujikuna mgongo kwenye kona ya jiko, chini ya dirisha, na kona ile ndiyo Mwalimu Sefu alipomalizia safu ya sita, maana nafasi ilimwishia. Haikupita muda mrefu, mistari ya chini ikabaki doa jeusi, nusu ukutani na nusu ubavuni mwa Madamu. Nilimchapa mbuzi, nikachukua mkaa, nikaandika mistari ile upya kwa kichwa changu mwenyewe. Nilijisifu sana. Nilikaa mbali nikautazama mwandiko wangu, nikaona haupitwi na wa mwalimu.

Mama hakuwa na saa wala daftari la kupangia ratiba. Ratiba yake ilikuwa kazi. Kila kazi aliipa somo lake, na somo halikuruhusiwa kuhama. Tukitwanga mpunga, ni jedwali la kuzidisha. Tukitwanga sombe, majani ya muhogo, ni vitenzi vya Kifaransa, kwa sababu sombe hutaka mkono wa polepole na vitenzi vya Kifaransa pia. Kumenya muhogo ni mikoa na mito ya nchi. Kupepeta ni kutaja herufi za maneno magumu. Nilipokaanga karanga za jioni nilipaswa kumfundisha Amisi nililojifunza mchana, naye Amisi alikuwa bado mdogo wa kubebwa, akinisikiliza kidole kikiwa puani. Alijifunza mito yote. Leo ni mtu mzima mwenye mke, na ukimwamsha usingizini anaweza kukutajia Lualaba na mito inayoingia humo.

Na mama hakunizungumzia mtihani kamwe. Nikianza kulia kwamba hayatakwisha, kwamba sitaweza, alikuwa na neno lake moja: “Leo tu.” Jedwali la leo tu. Kitenzi cha leo tu. Ya kesho hakutaka hata yatajwe jikoni mwake. Tukimaliza, kiganja kimoja cha karanga, na kitabu kinafungwa hata kama mimi ningependa kuendelea.

Kwenye kinu tulisimama uso kwa uso. Yeye na mchi, mimi na mikono nyuma. Mchi ukishuka anauliza, mchi ukishuka tena najibu. Jibu likija sawa na mchi, alisema “Ni vile,” na kuendelea. Likichelewa, au likija limekunjika, alisema “Rudia.” Hakukosea hata mara moja. Nikibahatisha, rudia. Nikijua kwa hakika, ni vile. Niliamini kwamba mama yangu ana jedwali lote kichwani, na nilijiuliza kwa nini mtu mwenye akili kiasi hicho hakuwa waziri.

Jambo moja tu nililichukia. Kila risasi ilipolia vilimani, mama hakusema pole wala usiogope. Aliuliza swali. Mlio, halafu hapohapo: “Nane mara sita?” Mwili wangu umekufa ganzi, Amisi amejifunika kichwa kwa kitenge, na yeye ananikazia macho anataka arobaini na nane. Nilimwona hana moyo. Nilifikiri: huyu mwanamke hata nikipigwa risasi atataka kwanza nimalize safu.

Kisha kinu kikanyamaza.

Baba Ramazani, mkubwa wa mtaa wetu, mzee mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu, alipita nyumba kwa nyumba. Ng’ambo ya mto watu wa porini walikuwa wanafuata sauti ya vinu. Panapotwangwa pana chakula, na wao wanajua kusikiliza. Nyumba iliyotwanga ndiyo iliyoingiliwa. “Kuanzia leo mutu asitwange,” alisema. “Mukitwanga munatuuza sisi wote.”

Mtaa mzima ukawa kimya. Sijawahi kusikia kimya cha namna ile, tena mchana, jua likiwaka. Tulikula muhogo wa kuchemsha na ndizi, tukaongea kwa kunong’ona, na akina mama wakawa wanatembea bila kuburuza ndala. Mimi nilisimama mbele ya ukuta wa jiko nikagundua jambo. Jedwali lilikuwa limeondoka. Ukutani nililiona. Nikifumba macho sikulipata. Nilikuwa nimelitia kichwani pamoja na kinu, na kinu kiliponyamaza kilikwenda nalo. Nilikuwa najua tu mbili mbili nne, kama Amisi.

Mama alijaribu kupiga makofi. Alijaribu kugonga ubao kwa mwiko uliofungwa kitambaa. Alinigonga mgongoni kwa kiganja, taratibu, kama anavyobembelezwa mtoto mchanga. Hapana. Ilikosekana ile ardhi kutetemeka chini ya nyayo. Nikalia. Niliona Salamabila, niliona masufuria makubwa, nilimwona yule msichana anavyoruka. Mama alinitazama muda mrefu, akatoka nje, akatazama mawingu.

Mvua ya kwetu wakati ule wa mwaka inaposhuka, haisemezani na mtu. Inapiga mabati na migomba mpaka mnaongea kwa vidole. Siku hiyo ilipofunguka, mama alikwenda moja kwa moja kwenye kinu, akatia mpunga, akainua mchi. Mvua ilimeza kila kitu. Mimi niliusikia mchi kwa miguu peke yake, na saba mara sita ikarudi, na nane mara tisa ikarudi, zikaja zinakimbizana kama kuku wakiitwa. Nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja.

Basi tukawa watu wa kusomea mvuani. Wingu likikusanyika, mimi naacha ninachofanya nakimbilia jikoni. Baba Ramazani alijua. Alijua na akanyamaza, kwa sababu mkewe naye alikuwa anatwanga mvua ikinyesha, na baadaye nikatambua kwamba mtaa mzima ulikuwa unafanya hivyo. Ngurumo ikipiga, vinu vyote vinaanza, na mtu asiyejua angefikiri ni mvua tu. Mpunga ulipotuishia, mama hakuacha. Alitia pumba kwenye kinu, yale maganda matupu, akaendelea kutwanga hesabu.

Lakini mtihani huja kiangazi. Kila wiki mvua ilipungua. Zikaja za kupita tu, za kulowesha vumbi na kwenda zake. Nilikuwa naomba Mungu atupe mvua kwa bidii ambayo wakulima wenyewe hawakuwa nayo, na usiku nilisikiliza mabati yalivyo kimya, nikahesabu wiki zilizobaki kufika mtihani.

Mvua ya mwisho ilishuka mchana, kwa kishindo, nikajua Mungu amenisikia. Tulianza safu ya nne. Mama alikuwa amefumba macho, jasho linamtoka, na mimi nilikuwa nasema kwa sauti yangu yote kwa kuwa nilijua hakuna anayesikia. Tulipofika safu ya sita, mvua ilikatika. Haikupungua kwanza. Ilikatika, kama mtu aliyezibwa mdomo.

Vinu vya jirani vilinyamaza nayo. Chetu kilishuka mara nyingine mbili kabla mama hajafumbua macho.

Tu. Tu.

Mpaka leo nazisikia zile mbili. Zilitoka jikoni kwetu, zikapita juu ya migomba, zikaenda mtoni, na mimi niliziona zinavyokwenda. Mama alishika mchi hewani. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye paa. Amisi akaanza kusema neno, mama akamtazama, akalimeza.

Walitokea njia ya mtoni. Wawili, wamelowa, na bunduki. Mmoja alibaki kwenye migomba akitazama nyuma. Wa pili alikuwa mwanamume mrefu mwenye mabuti ya plastiki, na mabuti yalikuwa yanatoa sauti ya maji kila alipokanyaga. Aliingia jikoni bila hodi. Alitazama kinu, akatazama mama, akatabasamu kwa upande mmoja.

“Mama, muko munatwanga nini?”

“Pumba, baba,” mama alisema. “Tazama mwenyewe.”

Akaingiza mkono kwenye kinu, akatoa kiganja cha maganda, akayapuliza. Tabasamu likamtoka.

“Mutu gani anatwanga pumba? Unaniona miye muyinga? Muchele umeuficha wapi?”

“Muchele ulikwisha. Mutoto iko na egzame, anajifunza hesabu. Asiposikia kinu, kichwa yake inafungana.”

Nawaambieni, hata mimi niliyejua kuwa ni kweli, nilipolisikia lilisikika uongo mtupu. Mtu wa mabuti alicheka, lakini si kicheko cha kuchekeshwa. Aliishusha bunduki begani, akageuka polepole kulitazama jiko, na macho yake yakafika ukutani. Alisogea. Akapitisha vidole viwili, kama bastola, juu ya safu za mkaa, moja baada ya nyingine, mpaka chini kwenye kona, chini ya dirisha.

“Haya, mutoto,” alisema bila kunitazama. “Kama mama yako anasema kweli, tutajua sasa hivi. Sita mara tisa?”

Kichwa changu kilikuwa kitupu. Nilijua tu kwamba nimesimama. Nilisikia maji yanadondoka, nilisikia pumzi ya Amisi, na sikusikia namba yoyote. Mabuti yakageuka, chwaa, kunielekea.

Mama akaachia mchi.

Aliushusha mara moja tu, kwenye pumba, kwa uzito wake wote. Ardhi ikatetemeka. Na jibu likanitoka kabla sijalitafuta, wazi, sawasawa na mchi:

“Hamusini na sita!”

“Ni vile,” alisema mama.

Mtu wa mabuti aliurudia ukuta. Akainama, akafuata mstari kwa kidole, 6, 9, akafika kwenye jibu. Midomo yake ilikuwa inasoma. Kisha akasimama wima, na jambo fulani usoni mwake likawa limelegea.

“Ni kweli,” alisema. Akafuta mkaa kidoleni. “Miye niliachia masomo mwaka wa ine, wa tano sikuuona.”

Akatoka. Yule wa kwenye migomba alimuuliza kuna nini, akamjibu hakuna kitu, ni watu wa masomo. Lakini mkono mtupu hawakurudi nao. Walimfungua Madamu, na Madamu, ambaye hakuwahi kukubali kuvutwa na mtu, aliwaonyesha maringo yake yote mpaka mtoni. Tulimsikia akilalamika njia nzima.

Mama alikaa chini palepale, kwenye tope la mabuti, mchi mapajani. Amisi alikuwa anamlilia mbuzi. Mimi nilimsogelea, nikasubiri anikumbatie. Alipangusa uso kwa kitenge, akaniinulia macho, akasema:

“Tulifika wapi?”

Baba Ramazani alikuja kumgombeza mama, akamkuta anamenya muhogo na mimi nataja mikoa, akasahau alichojia. Siku chache baadaye wanajeshi walifungua barabara ya Kasongo, na mama akanipandisha pikipiki ya kijana wa ukoo wetu, mfuko wa karanga kifuani. Alinishika uso kwa mikono miwili. Nilidhani atanipa maneno ya kuagana. Aliniambia: “Leo tu.”

Chumba cha mtihani kilikuwa kikubwa na kimya. Kimya kilekile cha mtaa wetu. Nilifunua karatasi, nikaona hesabu, nikaona hazisemi nami. Hapakuwa na kinu Kasongo nzima, wala mama, wala mvua. Niliogopa mpaka nikasikia moyo wangu masikioni, mkubwa, mzito, tu, tu, tu. Kwanza nilitaka utulie. Halafu nikausikiliza. Nikauacha utwange, nikashika kalamu. Sita mara tisa haikuulizwa siku ile, nashukuru Mungu, na mtaona kwa nini.

Nilishinda. Baba alirudi kabla ya matokeo, akiwa na mguu uliovimba na bila dhahabu, na hakuzungumza tena habari ya kunipeleka machimboni.

Nilikuwa mwaka wa kwanza wa sekondari, Kasongo, nimevaa sketi mpya ya bluu, wakati mwalimu wa hesabu aliponinyooshea kidole. Sita mara tisa? Nilisimama, nikajibu kwa ile sauti: hamsini na sita. Darasa likacheka. Mwalimu alisema hamsini na nne, kaa chini. Nilibaki nimesimama. Maana niliona kidole cha yule mtu kinashuka ukutani mpaka kwenye kona iliyofutwa na Madamu, kinafika kwenye mwandiko wangu mzuri, na mimi na ukuta na mama tumekubaliana kwa uongo mmoja mbele ya bunduki. Kama mbuzi asingejikuna, ukuta ungesema hamsini na nne. Wanafunzi wenzangu walidhani nalia kwa aibu.

Likizo ilipofika niliingia kwa mama nimejaa hasira. “Mama! Ulisema ni vile! Siku zote zile ulisema ni vile!”

Alikuwa anapepeta. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka ungo chini, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu.

“Miye nijue wapi, mwanangu? Miye niliachia mwaka wa pili.”

“Sasa ulijuaje nikikosa? Ulikuwa unasikiliza nini?”

“Sauti yako,” alisema. “Ikitetemeka, nasema rudia. Isipotetemeka, ni vile. Hesabu zilikuwa zako. Miye nilikuwa nakamata woga.”

Nilikuwa bado mdogo, na nililichukua kama mzaha wa mtu asiyesoma. Nilimsimulia shangazi Sakina tukacheka wote. Ilinibidi nizae, na nikae na Riziki chini ya meza siku moja mji ulipochafuka, ndipo nilipojua. Mlio ulipolia, nilifungua mdomo nimwambie usiogope, nikajua kwamba sauti yangu itanisaliti. Kilichonitoka ni swali. Nane mara sita? Akanigeuzia uso, akaacha kusikiliza nje. Na alipojibu nilijua kwamba yupo, hapa, mzima, na mimi pia nipo. Mama hakuwa na moyo mgumu. Alikuwa anaogopa kuliko sisi wote, mumewe hajulikani aliko, watoto wawili, migomba na ile njia nyuma yake, na hakuwa na mtu wa kumuuliza yeye swali.

Basi siku ile ya wiki iliyopita, baada ya kupangusa chai, nilimshika Riziki mkono nikampeleka uani. Mama alinyanyua macho, akainua mchi. Nilimsimamisha binti yangu mbele ya kinu, mikono nyuma. Mchi ukashuka, nikauliza ile yenyewe. Mchi ukashuka tena.

“Hamsini na nne,” alisema Riziki, wazi.

“Ni vile,” alisema mama, jasho likimtoka.

Riziki alimtazama bibi yake, akanivuta kitenge, akaninong’oneza: “Kumbe koko anajua hesabu?”

Nilimtazama mama yangu, mikono yake, ule mchi.

“Anazijua zote,” nikamwambia.